Georg Simon Ohm: Mwalimu wa Sekondari Aliyeupima Umeme

Mhariri wa jarida letu ameomba safari hii maisha ya mtu mashuhuri ambaye kila mwanafunzi wa zamani alikutana naye darasani. Nimemchagua Georg Simon Ohm. Sote tulilikuta jina lake ubaoni tukiwa vidato vya chini, likifuatana na herufi tatu, V, I na R. Tulizinakili kwa Kiingereza kama zilivyoandikwa, tukazijibia mtihani, kisha wengi wetu tukaachana nazo. Wachache wamekuwa wahandisi na mafundi wakaendelea nazo. Sisi wengine tumeishia kwenye uhasibu, ualimu, sheria na utumishi wa serikali. Jambo ambalo aghalabu halisemwi darasani ni kwamba huyo Ohm naye alikuwa mwalimu wa sekondari, na kwamba kanuni yake haikutoka katika chuo kikuu wala katika taasisi ya utafiti. Ilitoka katika maabara ya shule. Na ilimgharimu kazi yake.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen. Ujerumani ya siku hizo haikuwa nchi moja, ilikuwa mkusanyiko wa falme na himaya ndogo ndogo. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Hakuwa na elimu ya shule ya kutajika, lakini alijisomesha mwenyewe hisabati na sayansi mpaka akaweza kuwafundisha wanawe nyumbani. Mama yake, binti wa mshona nguo, alifariki Georg akiwa na miaka 10. Katika watoto 7 waliozaliwa walikua 3 tu: Georg, mdogo wake Martin na dada yao. Profesa mmoja wa Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, aliwapima wale vijana wawili akastaajabia walichofundishwa na fundi kufuli. Huyo Martin naye alikuja kuwa profesa wa hisabati, jijini Berlin, na alifika huko mapema kuliko kaka yake.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Hapo mambo yalikwenda mrama. Badala ya vitabu alishika dansi, biliadi na mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Baba alikasirika kuona nafasi ambayo yeye hakuipata inachezewa, na baada ya mihula mitatu kijana alitoka chuoni. Wazazi wanaolipa ada watamwelewa mzee huyo bila maelezo. Mnamo Septemba 1806 Georg akapelekwa Uswisi, kufundisha hisabati katika shule moja ya Gottstadt. Alikuwa na miaka 17.

Naiona adhabu hiyo kuwa ndiyo iliyomjenga. Alimwandikia Langsdorf, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Heidelberg, akitaka kumfuata huko akasome kwake. Langsdorf alimshauri abaki alipo, awasome peke yake wanahisabati wakubwa kama Euler na Laplace. Akafanya hivyo. Aliporudi Erlangen mwaka 1811 alipata udaktari tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, akafundisha kidogo chuoni hapo kwa malipo yasiyotosha chakula, akaondoka. Mwaka 1813 alipata kazi katika shule moja ya Bamberg, shule duni, ambayo ilifungwa mwaka 1816. Akahamishiwa nyingine mjini humo. Kwa kukata tamaa aliandika kitabu cha jiometri, akampelekea nakala mfalme wa Prussia, na mwaka 1817 akaitwa kufundisha hisabati na fizikia katika shule kongwe ya Wajesuti huko Köln.

Hapo Köln ndipo hadithi yetu inapoanzia hasa, kwa sababu shule ile ilikuwa na maabara nzuri. Tutakapokutana safari hii, na suala la maabara ya shule yetu likaletwa tena mezani, wajumbe wakumbuke kwamba hatuombi vyombo vya kupamba kabati. Ohm alikuwa amefundisha kwa zaidi ya miaka 10 asitoe jambo lolote jipya katika fizikia. Alipowekwa penye vyombo, alitoa. Na vile ambavyo havikuwapo alivitengeneza mwenyewe, kwani mtoto wa fundi kufuli hakuogopa tupa wala nyundo.

Yafaa tukumbuke umeme ulikuwa umefika wapi. Alessandro Volta alitengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona kwamba waya wenye mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira, na tangu hapo watu wakawa na njia ya kuupima mkondo: sindano ikigeuka zaidi, mkondo ni mkubwa zaidi. Lakini hakuna aliyejua kwa hesabu ni kitu gani kinachouongeza au kuupunguza mkondo huo. Ilijulikana tu kwamba waya mrefu huudhoofisha. Unaudhoofisha kwa kiasi gani? Swali hilo laonekana dogo, lakini mwaka 1825 huko Woolwich, Uingereza, Peter Barlow alijaribu kupitisha umeme katika waya wa futi 200, akaona mkondo ulivyofifia, akahitimisha kwamba simu ya maandishi kwa njia ya umeme haiwezekani. Mtu mwenye akili na sifa aliifunga njia nzima kwa sababu hakuwa na kanuni.

Mwaka huohuo wa 1825 Ohm alichapisha jaribio lake la kwanza, na kanuni aliyoitoa haikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa betri. Betri za siku hizo zilianza na nguvu, zikalegea jaribio likiwa bado linaendelea, hata mpimaji hakujua kama mkondo umepungua kwa sababu ya waya au kwa sababu betri imechoka. Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida lililochapisha kazi hiyo, alimshauri aachane na betri atumie chanzo kilichogunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821. Ukiunganisha metali mbili tofauti, kisha ukaipa joto sehemu moja ya kuungana na kuipoza nyingine, umeme hupita. Umeme wenyewe ni mdogo, ila haubadiliki maadamu joto halibadiliki.

Ohm aliunganisha kipande cha bismathi na shaba. Ncha moja aliiweka penye maji yanayochemka, nyingine penye barafu. Maji yanayochemka hayazidi kiwango chake cha joto, na barafu inayoyeyuka haishuki chini ya kiwango chake, kwa hiyo alipata chanzo cha umeme kisichoyumba, kwa vitu vinavyopatikana jikoni. Juu ya waya alining'iniza sindano ya sumaku, na badala ya kuiacha igeuke ovyo aliisokota kamba yake mpaka sindano irudi mahali pake, akasoma ni kiasi gani amesokota. Kisha akaweka nyaya 8 za shaba za unene mmoja, moja baada ya nyingine. Urefu wake ulikuwa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130.

Kwa waya wa inchi 2, chombo kilisoma karibu 327. Kwa waya wa inchi 130, zaidi kidogo ya 48. Tazama jambo hilo vizuri. Waya umerefuka mara 65, lakini mkondo haukupungua mara 65, umepungua chini ya mara 7. Hapa mtu mvivu angesema hakuna kanuni. Ohm aliona kwamba waya wa kupimwa si kizuizi pekee, kwani chombo chenyewe, yaani ile bismathi na viungo vyake, nacho huuzuia umeme. Akaandika kwamba mkondo ni a ukigawanywa kwa b kujumlisha x. Hiyo x ni urefu wa waya, b ni kizuizi cha chombo, na a ni msukumo unaotokana na tofauti ya joto. Akitumia 20¼ kwa b na 7,285 kwa a, waya wa inchi 34 wapaswa kutoa 134 na kidogo. Alichosoma kwenye chombo ni 134½. Waliofanya mtihani wa vitendo wa kutafuta ukinzani wa ndani wa betri watatambua kwamba swali lile ni jaribio hilihili la Januari 1826, ila vyombo vimebadilika.

Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm: gawanya msukumo, ambao leo tunaupima kwa volti, kwa jumla ya ukinzani wote uliomo njiani, utapata mkondo. Ukijua volti na mkondo, ukinzani unapatikana kwa kugawanya volti kwa ampea. Barlow angekuwa na kanuni hiyo angejua kwamba waya mrefu hauiui simu, unadai tu betri nyingi zilizopangwa mfululizo ili msukumo uwe mkubwa.

Hapana budi nitaje kwamba kuna mtu aliyetangulia. Henry Cavendish, tajiri wa Uingereza, aliufikia ukweli huu mwaka 1781 hivi kabla ya betri kuwapo, akitumia mwili wake mwenyewe kama kipimo kwa kulinganisha nguvu ya mshtuko aliopata. Hakuchapisha. Karatasi zake zililala mpaka James Clerk Maxwell alipozitoa mwaka 1879. Sisi tunaofanya kazi na majalada twajua jambo ambalo halikuandikwa na kupelekwa panapohusika huhesabiwa halikutendeka.

Ohm aliandika, lakini namna alivyoandika ilimponza. Mwaka 1826 aliomba likizo ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda Berlin kwa mdogo wake, na Mei 1827 akatoa kitabu juu ya hesabu za mzunguko wa umeme, akitumaini kitamfungulia mlango wa chuo kikuu. Kwa maoni yangu alikosea hesabu ya wasomaji. Jaribio lake la nyaya 8 lingeweza kueleweka na mwanafunzi yeyote. Yeye katika kitabu alilisogeza pembeni, akajenga kila kitu kwa hisabati nzito iliyofanana na ile ya Joseph Fourier juu ya kusafiri kwa joto. Wanafizikia wengi wa Ujerumani hawakuwa na hisabati ya kiwango hicho, na baadhi yao waliona kwamba maumbile hayafai kuelezwa kwa njia ya milinganyo. Georg Friedrich Pohl alikiandikia tahakiki kali. Wengine walinyamaza tu, na kunyamaza kwao kulimwumiza zaidi.

Mlango wa chuo kikuu haukufunguka. Likizo ilikwisha, na mwaka 1828 Ohm aliacha kazi yake ya Köln. Hebu tulipime tendo hilo kama watu wenye familia na mishahara. Alikuwa na karibu miaka 39, hana mali, hana cheo, na ameacha shule yenye maabara nzuri ambayo mtu wa hali yake asingeipata tena kwa urahisi. Alibaki Berlin akifundisha hisabati saa chache kwa juma katika shule ya kijeshi. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1833, Bavaria ilipompa uprofesa katika chuo cha ufundi cha Nürnberg. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini haikuwa ile aliyoitaka, na miaka ambayo angeweza kuitumia katika utafiti wa umeme ilikuwa imekwisha kupita.

Waliomwinua walikuwa wachache, na wengi wao wa mbali. Gustav Fechner wa Leipzig alirudia majaribio yake akayathibitisha. Heinrich Lenz huko Urusi aliitumia kanuni yake. Claude Pouillet wa Ufaransa alifikia matokeo yaleyale kwa vipimo vyake. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Ohm nishani ya Copley, ambayo ndiyo heshima yake kubwa kuliko zote, na mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wa nje. Mwaka 1843 Charles Wheatstone aliwaeleza Waingereza namna ya kuitumia kanuni hiyo katika vipimo, na mafundi wa simu wakaipokea kwa mikono miwili.

Mwaka huohuo wa 1841 James Prescott Joule, kijana wa Uingereza ambaye familia yake ilimiliki kiwanda cha pombe, alionyesha kwamba joto linalozalishwa katika waya hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani. Ukiunganisha hilo na kanuni ya Ohm unapata hesabu ya nguvu ambayo sote tunailipia kila tunaponunua umeme: volti mara ampea ni wati.

Tuitumie nyumbani. Pasi ya wati 1,000 katika umeme wa volti 230 huvuta ampea 4.3 hivi. Gawanya 230 kwa 4.35, utapata ukinzani wa karibu omu 53, omu ikiwa ndiyo kizio kilichopewa jina la Ohm. Ikitumika saa nzima pasipo kujizima, imekula uniti moja. Sasa chukua jioni ambapo umeme umefifia hadi volti 180. Ukinzani wa pasi haujabadilika sana, ni omu 53 zilezile. Mkondo unashuka hadi ampea 3.4, na nguvu hadi wati 610 hivi. Volti zimepungua kwa karibu asilimia 22, joto limepungua kwa karibu asilimia 39, kwa sababu msukumo ukipungua mkondo nao hupungua, na nguvu ni zao la vyote viwili. Pasi haijaharibika, mama mwenye nyumba asimlaumu fundi. Balbu ya zamani yenye uzi wa moto haifuati hesabu hii sawasawa, maana uzi wake ukiwa baridi una ukinzani wa karibu sehemu moja ya kumi ya ule unaokuwa nao ukiwaka. Kanuni ya Ohm inataka joto la waya lisibadilike.

Au chukua wale wanaovuta umeme kutoka nyumba ya jirani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ukienda mita 100 na kurudi 100, una ukinzani wa karibu omu 1.4. Mkondo wa ampea 10 hupoteza humo volti 14, na wati 140 zinapasha joto waya bure. Ongeza mkondo uwe ampea 20, upotevu hauwi mara mbili, unakuwa mara nne, wati 560. Waya uliofungiwa darini au uliokunjwa chini ya zulia ukipata moto wa kiasi hicho, nyumba imo hatarini. Kwa hesabu hiyohiyo umeme wa Kidatu uliletwa Dar es Salaam kwa volti 220,000: msukumo ukiwa mkubwa, nguvu ileile husafiri kwa mkondo mdogo, na upotevu njiani hupungua.

Pwani yetu nayo ilifikiwa na kazi ya Ohm mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari. Waya kama huo ukikatika, fundi aliyeko nchi kavu hupima ukinzani, na kwa kuwa anajua kila maili moja ina omu ngapi, aweza kukadiria mkato uko umbali gani, akaipeleka meli ya matengenezo karibu na mahali penyewe.

Ohm mwenyewe hakuyaona hayo. Mwaka 1849 aliitwa Munich, kutunza vyombo vya fizikia vya Akademia ya Bavaria na kutoa mihadhara chuo kikuu. Uprofesa wa fizikia wa chuo kikuu, ambao aliutafuta tangu alipokwenda Berlin, aliupata mwaka 1852, akiwa na miaka 63. Aliushika miaka miwili tu. Alifariki Munich tarehe 6 Julai 1854, hakuwa ameoa, akazikwa katika makaburi ya zamani ya kusini mwa mji huo.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa mataifa mengi walikutana Paris kukubaliana juu ya vizio. Volta alipewa msukumo, André-Marie Ampère akapewa mkondo, na mwalimu wa Köln akapewa ukinzani. Joule na James Watt walisubiri miaka michache zaidi. Kwa kuwa herufi O ingeweza kusomwa kuwa sifuri, omu iliwekewa alama ya Kigiriki, omega, na ndiyo hiyo iliyoandikwa mpaka leo kwenye mita ya kila fundi umeme.